Kila Ndege Huruka kwa Ubawa Wake

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



 Kamati ilinitaka nizungumzie jambo ninalolijua kutokana na kazi yangu, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwapangia watu safari za ndege, hasa wale wanaokwenda upande wa kusini mwa bara letu. Sitawachosha kwa habari za mashirika makubwa ya dunia, kwani hayo mnayasoma magazetini kila siku. Nitawaeleza habari za kampuni moja yenye ndege ndogo, Airlink ya Afrika Kusini, ambayo huwachukua wafanyabiashara na watalii katika nchi za kusini mwa Afrika. Ndani ya habari zake mna somo la hesabu, mna somo la jiografia, na mna swali gumu ambalo sisi huku kwetu hatuna budi kulijibu.

Wazee walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Walikuwa wakisema juu ya ndege wa porini, lakini nitajaribu kuwaonyesha kwamba maneno yao yanafaa hata kwa ndege za chuma.

Mashirika ya jana

Wakubwa mliopo hapa mnalikumbuka Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Lilianza kuruka mwaka 1946, na likafa mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ilipovunjika. Jirani zetu wa kusini nao walikuwa na shirika la namna hiyo, Central African Airways, lililozaliwa mwaka huohuo wa 1946 ili kuzihudumia nchi ambazo leo tunaziita Zambia, Malawi na Zimbabwe. Nalo liligawanywa mwaka 1967, kila nchi ikachukua njia yake.

Baada ya kugawana, kila mmoja alitaka bendera yake ionekane mbali. Jambo hilo si la kulaumiwa, maana nchi iliyopata uhuru hupenda kuonekana. Lakini bendera hainunui mafuta. Zambia Airways ya wakati ule ilipata ndege kubwa aina ya DC-10 mwaka 1984, na ilipofika mwisho wa mwaka 1994 ilikwisha simama. Yako mambo mengi yaliyochangia, na bei ya shaba ni mojawapo, lakini ukubwa wa ndege na uchache wa abiria haukusaidia hata kidogo.

Airlink ilianza kwa jina hilo mwaka 1992, ikirithi njia za kampuni ndogo iliyoitangulia, Link Airways. Mmoja wa waanzilishi wake, Rodger Foster, aliiongoza kwa miaka mingi. Haikuanza kwa kwenda London wala New York. Ilianza kwa kwenda kwenye miji ambayo wakubwa hawakuitaka, na kwa sehemu kubwa huko ndiko ilikobaki.

Viti na saa

Sasa vijana, shikeni kalamu. Tuseme kati ya Johannesburg na mji fulani mdogo wako abiria 40 kwa siku wanaokwenda, na 40 wanaorudi. Ukiipangia njia hiyo ndege ya viti 160, kila siku itaruka na viti 120 vitupu. Ukitaka ijae, itakubidi uwakusanye abiria wa siku nne ndipo uruke, maana yake ndege itakwenda kama mara mbili tu kwa juma.

Hebu mfikirieni fundi wa mitambo aliyeitwa mgodini kwa sababu mashine imesimama. Mfikirieni mwanasheria mwenye kesi Jumanne saa nne asubuhi. Ukimwambia kwamba kuna kiti cha bei nafuu, ila ndege ni Alhamisi, umemwambia nini? Mtu wa namna hiyo ananunua saa. Anataka kuondoka alfajiri, afanye kazi yake, na jioni alale nyumbani kwake. Ukimpa ndege ndogo inayoruka kila siku, atalipa zaidi wala hatanung'unika sana.

Kwa hiyo Airlink ilichagua ndege za Embraer, zinazotengenezwa Brazili. Aina ndogo kabisa, ERJ 135, ina viti 37. Inayoifuata ina viti 44. Na ERJ 145, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1995, ina viti 50. Ukiingia ndani unakuta kiti kimoja upande mmoja wa njia na viti viwili upande wa pili. Kanuni ya usafiri wa anga hudai walau mhudumu mmoja kwa kila viti 50, basi ndege hizo zaweza kwenda na mhudumu mmoja tu. Baadaye kampuni iliongeza Embraer kubwa zaidi, kama vile E190 yenye viti karibu 100, kwa njia ambazo abiria wake waliongezeka.

Lakini msidhani udogo ni bure. Ndege ya viti 37 inahitaji marubani wawili, sawasawa na ya viti 160. Mishahara ya wawili hao, ada ya kutua na gharama za ukaguzi hugawanywa kwa watu wachache. Hii ndiyo sababu mteja wangu hushangaa akiona safari ya saa moja na nusu kusini inadai nauli inayokaribia ile ya kwenda ng'ambo. Hajaibiwa. Amelipia sehemu yake katika mkokoteni mdogo, badala ya kulipia sehemu ndogo katika lori kubwa.

Mfanyabiashara na mtalii

Hapa tunafika penye ufundi wenyewe. Mfanyabiashara husafiri asubuhi na jioni, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Je, mchana ndege ifanye nini? Na Jumamosi je? Ndege iliyosimama chini haiingizi hata senti, ila deni lake linaendelea kuhesabiwa.

Jibu ni mtalii. Ndege nyingi zitokazo Ulaya husafiri usiku na kutua Johannesburg asubuhi, kisha huondoka tena jioni. Mtalii aliyeshuka asubuhi anataka kuunganisha safari yake kabla ya saa sita mchana, ili alale porini usiku huohuo; na siku ya kurudi anataka kufika Johannesburg alasiri, aiwahi ndege ya jioni. Haja yake inaangukia saa zilezile ambazo mfanyabiashara yuko ofisini. Mathalani, ndege moja yaweza kupeleka wafanyabiashara mji fulani alfajiri na kurudi, ikawachukua watalii mchana kwenda na kurudi, kisha jioni ikawafuata tena watu wa biashara. Ndege ni ileile na deni ni lilelile, ila soko ni mawili.

Tazameni ramani na mtaona miji hiyo. Uko Maun katika Botswana, mlango wa Delta ya Okavango, ambayo mwaka 2014 iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Mtalii akifika Maun huhamia ndege ndogo zaidi za kwenda kambini, na huko mzigo wake aghalabu ni kilo 20 katika mfuko laini, kwa sababu sanduku gumu haliingii. Iko Kasane, karibu na mahali zinapokaribiana Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe. Uko mji wa Victoria Falls upande wa Zimbabwe na Livingstone upande wa Zambia, na katikati yao maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yenye upana wa mita kama 1,700. Uko hata uwanja wa Skukuza, ndani kabisa ya Hifadhi ya Kruger.

Upande wa biashara kuna Tete katika Msumbiji, penye makaa ya mawe. Kuna Ndola katika eneo la shaba la Zambia, na ng'ambo ya mpaka kuna Lubumbashi, ambako msafiri wa kutoka kwetu hufurahi kusikia Kiswahili sokoni, ingawa kina ladha yake ya Katanga. Na Dar es Salaam pia imo katika miji ambayo Airlink imeifikia. Katika soko namna hii, chozi hunywa kwenye ua ambalo tai hawezi kulitua.

Kisiwa kilichongoja

Niruhusuni niwapeleke mbali kidogo, katikati ya Bahari ya Atlantiki, kwenye kisiwa cha St Helena. Ni milki ya Uingereza, na hesabu ya watu ya mwaka 2021 iliwakuta watu wasiozidi 4,500. Waingereza walikitumia kama gereza kwa sababu hapakuwa na njia ya kutoroka. Napoleon alifungwa huko kuanzia mwaka 1815 hadi alipofariki mwaka 1821. Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, alipelekwa huko mwaka 1890. Hata Sayyid Khalid bin Barghash wa Unguja, yule wa vita vifupi vya mwaka 1896, baada ya kukamatwa mwaka 1916 alipelekwa uhamishoni Seychelles na St Helena, kisha akaruhusiwa kurudi Afrika Mashariki na kufariki Mombasa mwaka 1927.

Kwa miaka mingi njia ya kawaida ya kufika kisiwani ilikuwa meli kutoka Cape Town, safari ya siku tano au zaidi. Mgonjwa aliyehitaji daktari bingwa alingoja meli. Serikali ya Uingereza ikajenga uwanja wa ndege kwa gharama ya paundi milioni 285. Ulipokamilika mwaka 2016 ikaonekana kwamba upepo wa pale juu ya majabali hubadilika ghafla, na ndege za abiria zilizokusudiwa hazikuweza kuutumia kwa salama. Magazeti ya Uingereza yakaucheka uwanja huo usio na ndege.

Aliyeitikia ni huyu mdogo. Tarehe 14 Oktoba 2017 Embraer E190 ya Airlink ilitua St Helena na abiria wa kwanza wa ndege ya ratiba. Ili kukabiliana na upepo na ufupi wa barabara ya kurukia, ndege yenye viti karibu 100 ilikubali kuchukua abiria 76 tu. Na kwa kuwa hakuna uwanja mwingine wa karibu wa kukimbilia, ilibidi ibebe mafuta ya kutosha kurudi bara ikishindwa kutua. Meli ile ya zamani ilifunga safari zake mwaka 2018. Bila shaka Airlink haikwenda kule kwa sadaka. Ililipwa kwa mkataba. Lakini fikirini, vijana: paundi milioni 285 za zege zilingoja kampuni yenye ndege ya kimo kinachofaa na marubani waliozoezwa kwa kazi hiyo.

Ubawa wa kuazima

Sasa nirudi kwenye methali yetu. Mwaka 1997 Airlink iliingia katika ushirika na shirika la taifa, South African Airways, pamoja na ndugu yao wa tatu, South African Express, lililokuwa mali ya serikali. Ndege za Airlink ziliruka kwa alama za shirika kubwa, na tiketi zake ziliuzwa na shirika kubwa. Kwa miaka zaidi ya 20 mpango huo ulileta faida, maana abiria wa Ulaya alinunua tiketi moja kutoka kwao mpaka Maun.

Desemba 2019 shirika la taifa lilielemewa na madeni, likawekwa chini ya wasimamizi wa kuliokoa. Fedha za abiria waliokwisha lipia viti vya Airlink zilikuwa mikononi mwa shirika hilo. Airlink ilidai fedha zake mahakamani, ikashindwa. Na Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Rufaa ya Afrika Kusini nayo iliitupa rufaa yake. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ila huyu hakufa. Mwaka huohuo wa 2020, wakati ugonjwa wa korona umezifunga anga, Airlink iliacha alama za mwingine ikaanza kuuza tiketi zake yenyewe kwa alama yake yenyewe. Ikafanya mapatano na mashirika mengi ya nje badala ya kumtegemea mmoja. Agosti 2024 Qatar Airways ilitangaza kununua robo ya hisa zake.

Je, ndugu yao wa tatu? South African Express lilianza mwaka 1994. Lilikuwa na ndege za kimo kama kile, na lilikwenda kwenye miji midogo ya namna ileile. Mei 2018 wakaguzi wa usalama wa anga walizisimamisha ndege zake kwa sababu ya matengenezo yasiyoridhisha, na mwaka 2020 likaanza kufilisiwa. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba ndege ndogo peke yake ni dawa. Udogo bila nidhamu ni udogo tu.

Wala sisemi kwamba Airlink ni malaika. Septemba 2009 ndege yake aina ya Jetstream 41, ikiwa haina abiria, ilianguka Durban punde tu baada ya kuruka, na nahodha wake akafariki baadaye kwa majeraha. Desemba ya mwaka huohuo Embraer yake ilipita mwisho wa barabara ya kutulia huko George siku ya mvua. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyekufa. Katika kazi ya anga, sifa ya miaka kumi huweza kupotea kwa dakika moja, na kuirudisha huchukua miaka mingine kumi.

Swali la Mthatha

Nilisema kuna swali gumu. Mji wa Mthatha uko katika jimbo la Eastern Cape, si mbali na Qunu alikozikwa Mzee Mandela Desemba 2013. Si mji wa watalii wengi. Ni mji wa madaktari, watumishi wa serikali, wenye maduka, na wana wa nyumbani wanaorudi kuzika wazee wao. Kwa muda mrefu, aliyetaka kwenda huko kwa ndege kutoka Johannesburg alipanda Airlink au akapanda basi. Baadaye akatokea mshindani mdogo, lakini hakudumu. Mwaka 2017 alisimama.

Mwaka 2018 Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini iliishtaki Airlink, ikidai kwamba ilipokuwa peke yake katika njia hiyo ilitoza nauli iliyopita kiasi, na mshindani alipokuja iliishusha chini mno ili kumwondoa. Kampuni ilikana madai hayo. Sikulileta jambo hili mbele yenu ili tumhukumu mtu hapa ukumbini. Nimelileta kwa sababu ni lenye uzito. Njia ya abiria 40 kwa siku hutosha kulisha kampuni moja; wakiingia wawili, huenda wote wakafa njaa. Lakini akibaki mmoja, nani atamzuia asipandishe nauli juu ya mtu anayekwenda kumzika mama yake?

Wako watakaojibu kwamba serikali iendeshe ndege hizo. Nimekwisha waonyesha yaliyompata South African Express. Wako watakaojibu kwamba soko litajirekebisha. Mwulizeni abiria wa Mthatha. Maoni yangu ni haya: mwachieni njia ndogo yule awezaye kuihudumia vizuri, awe wa serikali au wa binafsi, lakini hesabu zake zikaguliwe na chombo kisichomwogopa. Anayekaa peke yake kisimani hana budi kuwa na macho ya kijiji nyuma yake.

Na sisi je?

Jambo hili si la kusini tu. Sisi wenyewe tunazo ndege za pangaboi za viti 76 katika shirika letu la taifa tangu lilipoanza kufufuliwa mwaka 2016, na Precision Air ina ATR zake ambazo ni za kimo hicho. Hizo ndizo zinazofaa kwa miji ya mikoani yenye abiria wa kadiri. Tunazo vilevile ndege kubwa za kuvuka bahari. Nikisikia watu wakishangilia kuwasili kwa ndege mpya, mimi nami hupiga makofi, kisha hujiuliza: inakwenda wapi, saa ngapi, na abiria wangapi? Ningependa kila Mtanzania ajiulize hivyo, kwani ndege za taifa hununuliwa kwa kodi yake.

Vijana, najua wengi wenu mnataka kuwa marubani. Vema, someni fizikia kwa bidii. Lakini kampuni ya ndege huhitaji pia anayejua kwamba njia ya abiria 40 haihitaji viti 160. Na huyo ni mwanafunzi wa hesabu. Humhitaji fundi asiyetia saini kazi ambayo hakuifanya. Na huyo hufunzwa hapahapa, anapokataa kunakili zoezi la mwenzake. Humhitaji anayejua Kireno, ili azungumze na watu wa Tete. Tena nchi humhitaji mkaguzi asiyenunulika, ili abiria wa mji mdogo asiachwe peke yake na mwenye ndege.

Ndugu Mwenyekiti, kila ndege huruka kwa ubawa wake. Aliye na ubawa mfupi asione haya kuruka njia fupi, mradi aruke kila siku, afike salama, na asimnyonye aliyembeba.

 Shule yetu idumu.